Acheni kuuza puti na povu kwa jina la ukarabati: malalamiko kuhusu MX-5 "iliyorejeshwa kikamilifu"

Ndugu wadau wa magari ya zamani, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Umeota mizizi mtindo mchafu miongoni mwa watu wanaofufua magari ya spoti nyumbani: gari lililoliwa na kutu linazibwa kwa puti, linapigwa rangi ya kung'aa, linashushwa chini, linafungwa rimu kubwa na ekzosi ya makelele, kisha linatangazwa kuwa limerejeshwa kikamilifu. Sina ugomvi na puti inayotumika kusawazisha bonde dogo kwenye chuma kizima, wala na mtu anayependa gari lake liwe chini. Ugomvi wangu ni na watu wanaofunika sehemu zinazobeba uzito wa gari na maisha ya abiria, kisha wakathubutu kuliita tendo hilo ukarabati.

Gari lenyewe ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la spoti la viti viwili na paa la turubai, ile yenye taa za kuchomoza, iliyooneshwa kwa umma kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwezi Februari 1989 na kuendelea kutengenezwa hadi 1997. Aliyeniuzia, ambaye simtaji jina, alinihakikishia kwa maandishi kwamba bodi haina kutu, kwamba vizingiti vya milango yote miwili, yaani mihimili ya chuma inayopita chini ya milango, vimebadilishwa na kwamba injini imeongezewa nguvu kitaalamu. Yote matatu yalikuwa uongo, na kila moja limefichwa kwa namna inayoonyesha kwamba aliyelifanya alijua kabisa anachokifanya.

Nianze na vizingiti, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, milango ilifunguka na kufungika bila taabu. Nilipoliinua kwa jeki na kuliweka juu ya stendi ili nishughulikie breki, mlango wa dereva uligoma kufunga. Ukingo wake wa nyuma ulikuwa umeshuka na kugusa bodi. Yeyote aliyewahi kufanya kazi na magari ya wazi anajua maana yake: bodi imepinda katikati kwa sababu kilichopaswa kuizuia isipinde hakipo tena. Nikachukua brashi ya waya na bisibisi, nikaanza kukwangua mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Ikatoka rangi, ikatoka praima, ikatoka puti ya rangi ya kijivu iliyokuwa nene kuliko kidole gumba changu, kisha nikakuta bati jembamba jipya lililofungwa kwa ribiti juu ya kizingiti cha zamani. Nilipong'oa ribiti na kulifunua bati hilo, ndani mlikuwa na povu la njano, lile la kuzibia nyufa za madirisha, likiwa limelowa maji kiasi kwamba nililikamua kwa mkono na maji ya kahawia yakachuruzika sakafuni. Nyuma ya povu hapakuwa na chuma cha kuchomelea chochote. Palikuwa na magamba ya kutu yanayovunjika kwa vidole.

Kuna wadau watakaosema kwamba kizingiti ni urembo tu, na kwa kweli nimeshaambiwa hivyo. Hapana. Gari lenye paa la chuma lina nguzo na mihimili ya juu inayosaidia kuishika bodi isijikunje wala isijipinde. Gari la turubai halina msaada huo, na kwa hiyo waliolibuni waliuweka mzigo mkubwa kwenye vizingiti na kwenye mgongo wa kati unaopitisha shafti. Ndiyo maana kizingiti cha MX-5 si bati moja: kuna ganda la nje tunaloliona, kuna bati la kuimarisha katikati, na kuna ukuta wa ndani unaokutana na sakafu. Anayebadilisha ganda la nje peke yake huku la katikati limeoza, hajabadilisha kizingiti. Amepaka poda mgonjwa. Na mikanda ya usalama imefungwa karibu na hapo hapo panapooza kwanza. Sasa niambieni, gari la namna hiyo likigongwa ubavuni, ni nini kitakachobaki kati ya mtu na kilichomgonga?

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kutu hii haiji kwa bahati mbaya, wala chanzo chake si siri. Nyuma ya viti, pale turubai linapokutana na bodi, kuna mirija miwili ya kutolea maji ya mvua. Ikizibwa na majani na vumbi, maji hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya vizingiti, na huko yanakaa yakila chuma kutoka ndani kwenda nje, hivi kwamba kutu inapoanza kuonekana kwenye rangi kazi imeshaharibika zamani. Kuizibua ni kazi ya dakika chache kwa waya laini uliovikwa plastiki na maji kidogo. Mirija ya gari hili ilikuwa imeziba kabisa, yote miwili. Maana yake ni kwamba mtu alipata muda wa kuchanganya puti, kuipiga msasa, kupaka rangi na kupiga picha wakati wa machweo, lakini hakupata muda wa kuondoa kilichosababisha maradhi. Tena akajaza povu, kitu kinachofyonza maji na kuyashikilia dhidi ya chuma. Hata angekusudia kuliozesha gari, asingefanya vizuri zaidi.

Kabla hamjaniuliza kwa nini sikukagua: nilikagua, tena kwa sumaku na kwa kipimo cha unene wa rangi. Sumaku ilishika pale palipo na hatari kwa sababu lile bati jipya ni la chuma na puti nene ilikuwa imewekwa chini zaidi, kwenye mkunjo wa chini ambao ulikuwa umepigwa lami nyeusi ya kuzuia kutu. Kipimo nacho kilisoma namba za juu kidogo tu, zinazolingana na gari lililopakwa rangi mara ya pili, jambo ambalo muuzaji alilisema waziwazi. Nawakumbusha pia wale wanaosambaza ushauri wa sumaku bila maelezo kwamba boneti ya MX-5 hii ni ya alumini tangu kiwandani, kwa hiyo sumaku isiposhika hapo si dalili ya puti, na nimeona wanunuzi wakiyakataa magari mazuri kwa sababu hiyo huku wakiyachukua mabovu. Lami nyeusi mpya chini ya gari la zamani ndiyo inayopaswa kumtia mtu wasiwasi kuliko kitu kingine chochote. Aliyekarabati kwa uaminifu huacha pindo zake za kuchomelea zionekane, au walau huwa na picha zake.

Nyuma ya gari mambo hayakuwa bora. Betri ya MX-5 hukaa kwenye buti, na ya kiwandani ilikuwa ya aina iliyofungwa, yenye mirija midogo ya kutolea gesi nje ya gari. Huyu bwana aliweka betri ya kawaida ya tindikali bila mrija wowote, na sakafu ya buti chini yake imeliwa ikawa kama ungo. Hilo nalipita haraka kwa sababu linatengenezeka.

Springi sizipiti. Alizikata kwa moto. Magurudumu yote manne ya gari hili yamefungwa kwa mikono miwili, wa juu na wa chini, mfumo ambao ndio chanzo kikubwa cha sifa ya gari hili kwenye kona. Waliolibuni waliusawazisha kwa uangalifu mkubwa, na mtu anakuja na gesi ya kukatia anaondoa mzunguko mmoja na nusu wa springi kana kwamba anapogoa mti. Moto unaharibu ugumu wa chuma cha springi karibu na pale palipokatwa. Springi iliyofupishwa hivyo hailali tena sawasawa kwenye kikombe chake, na gurudumu linaponing'inia, springi inabaki imelegea na inaweza kuhama mahali pake. Springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari hili zipo, pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Bolti za kurekebishia mwelekeo wa magurudumu, zenye duara lisilo katikati, zilikuwa zimeganda kwa kutu ndani ya bushi zake na hazijaguswa kamwe, maana yake ni kwamba gari lilishushwa na halikupangwa magurudumu hata mara moja. Matairi ya nyuma yalikuwa yameisha upande wa ndani hadi nyuzi zinaonekana.

Sasa injini. Ni ile ya lita 1.6, yenye takriban nguvu farasi 115 ilipokuwa mpya na uwiano wa mgandamizo wa 9.4 kwa 1. Alifunga turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi. Kufunga turbo kwenye injini hii si dhambi. Watu wengi wamefanya hivyo na magari yao yanadumu, kwa sababu waliongeza petroli, wakarudisha nyuma muda wa cheche na wakaweka kompyuta inayojua kwamba kuna turbo. Huyu aliacha nozeli za petroli za kiwandani, kompyuta ya kiwandani na kile kipima hewa chenye kibao, ambacho kikishafunguka hadi mwisho hakina tena namna ya kuiambia kompyuta kwamba hewa inazidi kuongezeka. Hewa inaongezeka, petroli haiongezeki vya kutosha, joto linapanda, mchanganyiko unalipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni ndizo zinazolipa. Silinda ya nne ina mgandamizo wa chini sana kuliko zenzake, na plagi yake ilitoka na vitone vidogo vya alumini vilivyoganda kwenye kauri. Alumini hiyo imetoka kwenye pistoni. Haikutoka mahali pengine.

Isitoshe, gari hili ni miongoni mwa yale ya miaka ya mwanzo yenye krankishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) ya pua fupi, yaani ncha fupi ya mbele, ambayo puli yake ya mbele ina mianya minne badala ya minane. Kila anayejiita mjuzi wa MX-5 anajua kwamba bolti ya pua hiyo isipokazwa ipasavyo kwa spana ya toki wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi, ufunguo, kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja, unalegea, unakula mfereji wake, na taratibu injini inapoteza taimingi yake. Ni jambo la kulitazama kabla ya kuongeza nguvu hata kidogo. Puli ilikuwa inayumba kwa macho.

Nimejibiwa na baadhi yenu kwamba gari ni la zamani, vipuri ni adimu, kwa hiyo watu wanajitahidi kwa walichonacho. Kwa magari mengine hoja hiyo ina uzito, kwa hili haina. MX-5 ya milioni moja ilitoka kiwandani mwaka 2016. Magari ya kizazi cha kwanza pekee yalipita laki nne. Mazda yenyewe ilitangaza mwaka 2017 kwamba itaanza kuyafanyia ukarabati magari ya kizazi hiki nchini Japani na kutengeneza upya baadhi ya vipuri vyake, likiwemo paa la turubai, na hata matairi ya kipimo cha awali cha 185/60 kwa rimu za inchi 14. Mabati ya vizingiti, ya nje na ya kuimarisha, yanapatikana. Asiye na mashine ya kuchomelea au asiyejua kuitumia anaweza kuliuza gari kama lilivyo na kusema, "vizingiti vimeoza". Gari bovu lililosemwa kuwa bovu halimdhulumu mtu, na wapo wengi wanaolitafuta hilo hasa.

Kwa hiyo nadai jambo moja kutoka kwa kila anayeandika neno "limerejeshwa" kwenye tangazo lake: picha za chuma kikiwa wazi. Namaanisha kizingiti kikiwa kimekatwa, bati la katikati likionekana, pindo jipya likiwa limechomelewa mfululizo, praima ya zinki kwenye maungio, kisha nta ndani ya uwazi kabla haujafungwa. Mtu aliyefanya kazi hiyo hutaka kuionyesha, kwa sababu ilimtoa jasho. Asiye na picha hizo aandike "limepakwa rangi". Na nyinyi mnaosifia picha za machweo chini ya matangazo haya, ulizeni kwanza chini kukoje, kwa sababu sifa zenu ndizo zilizompandishia bei aliyeniuzia mimi.

Gari halitauzwa. Kwa sasa liko juu ya stendi, injini na milango vimetolewa, na nimechomelea mabomba ya kushikilia tundu la kila mlango ili bodi isihame nitakapokata. Ninaomba mwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza ambayo haijawahi kugongwa wala kukatwa anipimie umbali wa mshazari wa tundu la mlango, kutoka bolti ya juu ya bawaba hadi katikati ya komeo, na kutoka bolti ya chini ya bawaba hadi hapo hapo, gari likiwa chini kwa magurudumu yake. Pimeni pande zote mbili na muandike kwa milimita.