Stelingi ndogo kwenye Land Rover 109

Mpenda109: Wakuu, nina Series III pikapu ya 1978, stelingi kubwa inanibana mapaja, nataka kufunga ya inchi 14, itaingia?

FundiMoro: Inaingia, ila tafuta bosi (kile kipande cha kati kinachoshika stelingi kwenye shafti) ambayo meno yake yanalingana na ya shafti, usikubali kuchomelewa, ikikatika barabarani umekwisha. Na gari haina pawa stelingi, ule ukubwa wa stelingi ndo unakupunguzia uzito wa kukata kona.

Kijana wa Tanga: Mimi ya 14 ilinishinda kwenye mchanga, mabega yaliuma nikarudi 15, hapo sawa kabisa. Ukitoa ya zamani nyoosha tairi kwanza uweke alama, alafu nati ilegeze tu usiimalize, maana stelingi ikichomoka ghafla inakupiga kidevuni, kovu ninalo.

Mpenda109: Shukrani, naanza na 15.