Wagiriki wa Mileto: walichunguza au walikisia tu?

Mdadisi: Tunaambiwa Thales, mwanafalsafa wa Mileto, mji wa kale wa Wagiriki, ndiye aliyeacha hekaya akashika akili. Ushahidi? Eti alitabiri kupatwa kwa jua mwaka 585 KK. Herodotus mwenyewe, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema alitaja mwaka tu. Huo ni uchunguzi au bahati nasibu?

Pweza: Bahati nasibu yenye hesabu. Wababeli walijua kwamba kupatwa hujirudia kwa mzunguko wa miaka 18 na siku 11.

Mdadisi: Na saa 8, usizifiche! Ndani ya saa 8 dunia imeshajizungusha theluthi nzima, kupatwa kunakofuata kunaangukia kwa watu wengine. Aliyekaa Mileto anaambulia nini?

Mzee Mantiki: Mmemng'ang'ania Thales, Anaximenes, mwanafalsafa mwenzake wa Mileto, je? Kwake kila kitu ni hewa: ikikonda ni moto, ikishindiliwa ni upepo, wingu, maji, udongo, mawe. Na jaribio alitoa. Weka kiganja mbele ya mdomo, bana midomo upulize: baridi. Achama upumue: joto. Akahitimisha kwamba kushindilia kunapoza.

Pweza: Kwa hiyo kila anayepuliza uji ni mwanafalsafa 😂

Mzee Mantiki: Anayepuliza uji hajauliza kwa nini. Acha dharau.

Bi Hoja: Uji una sababu yake nyingine, jamani. Pumzi inafukuza mvuke uliotanda juu ya bakuli, maji zaidi yanageuka mvuke na kuondoka na joto.

Pweza: Nani kauliza habari za uji?

Mdadisi: Wewe.

Bi Hoja: Na kiganjani Anaximenes kakosea. Ukibana midomo, pumzi inatoka kwa kasi na kuzoa hewa ya pembeni, ndiyo baridi unayoisikia. Aristotle alishajibu karibu hivyo. Kushindilia hewa kunapasha: jaza tairi la baiskeli, kisha gusa pampu upande wa chini.

Mzee Mantiki: Umemkosoa kwa kiganja kilekile alichokupa. Mkosoe hivyo Hesiod, mshairi wa hekaya za miungu, tuone.

Mdadisi: Hesiod kaingiaje? Thales wenu alitumbukia kisimani akitazama nyota, mjakazi akamcheka. Plato ndiye anayesimulia.

Pweza: Na Aristotle anasema alikodi mashine zote za kukamulia zeituni, Mileto na kisiwa cha Chios, wakati wa baridi kwa arbuni kidogo. Mavuno yalipofika akapangisha kwa bei aitakayo. Mjakazi kacheka mapema.

Bi Hoja: Malizia basi. Aristotle huyohuyo anasema huo ni uhodhi wa kawaida, watu wamempachika Thales kwa sifa yake ya hekima.

Pweza: Arbuni alitoa, hakutoa?

Mdadisi: Zeituni sasa. Zile saa 8 anajibu nani?