Neno "false" limegeuzwa kuwa ndiyo, nami naambiwa ndivyo ilivyokusudiwa

Wakuu, mtanisamehe kwa kutowasalimu, kwa sababu naandika mikono ikiwa bado inatetemeka.

Ile maktaba ya kuhakiki data (yaani msimbo ulioandikwa na wengine, ambao waandishi wa programu huuchomeka kwenye kazi zao), ambayo sina haja ya kuitaja kwa kuwa kila mmoja wenu anayo kwenye mradi wake na wengine mnazo tatu bila kujua, imenitenda jambo ambalo hata adui yangu hajawahi kunitenda. Fomu yangu ya usajili ilikuwa na swali moja dogo: je, unakubali kutumiwa matangazo kwa simu? Aliyechagua hapana, fomu ilipeleka kwenye seva neno "false", yaani "si kweli", herufi tano, likiwa maandishi kama yalivyo yote yatokayo kwenye fomu. Nikaiagiza maktaba iligeuze kuwa ndiyo au hapana. Ikalipokea, ikaona lina herufi ndani yake, ikaamua kuwa ni ndiyo.

Mtu amekataa, tena kwa maandishi, nayo ikaandika kwamba amekubali. Wote waliokataa matangazo wakayapata saa kumi na moja alfajiri ya Jumapili, na mmoja wao ni mama mkwe wa bosi wangu.

Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni jibu la watunzaji wake. Nilitumia saa mbili kuandika ripoti ya hitilafu kwa Kiingereza cha kumwandikia balozi, nikaambatanisha mfano wa mistari sita, na ripoti hiyo ikafungwa kabla chai yangu haijapoa, kwa sentensi moja: hivyo ndivyo ilivyokusudiwa. Chini yake watu 14 wakaweka kidole gumba. Kabla chai haijapoa! Yaani yupo binadamu aliyeketi, akatafakari, akakusudia kwamba "false" iwe ndiyo.

Mchimba_Hitilafu: Pole mkuu, lakini unamchapa mjukuu kwa makosa ya babu. Tangu Brendan Eich alipoiandika lugha ya programu ya JavaScript kwa siku 10 pale Netscape mwaka 1995, maandishi yoyote yasiyo matupu huhesabiwa kuwa ndiyo. Andika Boolean("sitaki kabisa"), ile amri yake ya kugeuza kitu kuwa ndiyo au hapana, uone. Maktaba imeita Boolean, basi.

Mleta uzi: Kama inaita Boolean tu, mimi nimeiweka ya nini? Nimeajiri mlinzi, halafu naambiwa humfungulia kila anayepiga hodi kwa kuwa geti lilitengenezwa lifunguke.

Binti_wa_Seva: Mwongozo umelieleza jambo hilo waziwazi, chini kidogo ya mfano ambao bila shaka ndio ulionakili. Naomba kuuliza kwa heshima: kabla ya kuiweka fomu hewani, uliijaribu?

Mleta uzi: Niliijaribu kwa kuchagua ndiyo, ikafanya kazi vizuri.

Binti_wa_Seva: Nimecheka hadi jirani amegonga ukuta.

Sifuri_ya_Mbele: Mwenzenu mnamlilia kwa neno moja. Kwetu kuna aliyetangaza kwenye skima (maelezo ya data inayotarajiwa) kwamba simu ni namba, na maktaba, kwa utiifu wake wote, ikazigeuza simu zote zinazoanza na 07 kuwa namba halisi. Sifuri ikaliwa. Tarakimu 10 zikabaki 9, na wateja wa mwezi mzima hawapatikani hadi leo.

Kobe_wa_Pwani: Simu si namba, ndugu yangu, kwani hakuna anayejumlisha simu mbili. Kilio cha kweli ni umri. Mtu akiacha nafasi ya umri wazi, Number(""), amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa namba, hutoa 0, na 0 ni namba halali, kwa hiyo uhakiki unapita kwa shangwe. Ripoti yetu ya mikopo imejaa wakopaji waliozaliwa leo asubuhi.

Mwana_wa_Ng': Mimi jina langu la ukoo lina ng', na kila fomu hunijibu kwamba lina "herufi zisizoruhusiwa". Ng'ombe wanaruhusiwa kuwepo nchi nzima, ila mimi siruhusiwi kujisajili. Tafadhali, maktaba hii nayo ilaaniwe.

Mchimba_Hitilafu: Hapo maktaba haihusiki. Kuna mwenzetu aliyeandika kwamba jina ni a hadi z, akaenda zake kula mchana.

Mleta uzi: Wakuu, naomba turudi kwenye hoja. Ripoti yangu ilifungwa kabla chai haijapoa, kwa maneno kwamba hivyo ndivyo ilivyoku...

Binti_wa_Seva: Chai imeshapoa, mkuu. Kunywa.

Sifuri_ya_Mbele: Mwana wa Ng', ninyi simu mnazihifadhi vipi, kwa 07 au kwa +255?

Mwana_wa_Ng': Kwa +255, tena kama maandishi, lakini nikiipitisha kwenye anwani ya ukurasa bila kuisimba (kuigeuza kuwa alama salama kwa anwani), ile alama ya kujumlisha hufika upande wa pili ikiwa nafasi tupu.

Kobe_wa_Pwani: Alama ya kujumlisha inakuwa nafasi tupu? Hilo lifungulie uzi wake, nami nitakuwa wa kwanza kuchangia.