Singo maza mlioachika, mwaka wa kwanza mliuvukaje? Tupeane uzoefu

Mama Pacha
Habari zenu wapendwa. Huu uzi ni wa wale ambao talaka imeshatoka na watoto mko nao. Nani alikosea tuache, tumeshalijadili hadi tukachoka. Tuongee kodi, likizo, matunzo, na ndugu wanaokwambia "ungevumilia tu".

Naanza mimi. Nilitoka na pacha wangu, magodoro na mtungi mdogo wa gesi. Nilidhani kazi itakuwa hela ya kodi, kumbe kazi ni mwenye nyumba. Dalali ananionesha chumba Mbagala, kizuri, luku yake peke yake, tukifika kwa mwenyewe anauliza, "Na baba watoto yuko wapi?" Nikijibu ukweli, ghafla chumba kimeshapata mtu. Wanaogopa utaleta wanaume, au kodi itakushinda. Mwisho nikapata kwa mama mmoja mjane, akakubali nilipe miezi mitatu mitatu badala ya sita, na ndiye anayewapokea watoto wakitoka shule hadi leo. Huyo amenifaa kuliko vikao vyote vya ukoo.

Mama Nasra, Tanga
Mie nilirudi kwa wazazi. Ukiwa ndani ya eda hakuna wa kukusema. Eda ikiisha ndipo maneno yanapoanza. Ukimkanya mtoto, bibi yake anadakia, "Mwache mjukuu wangu, mume alikushinda, mtoto utamuweza?" Nikameza. Nikaanza vitumbua: mchele nauroweka asubuhi, jioni nausaga na tui, hamira na iliki, unalala unaumuka, alfajiri chuma kiko motoni kabla watoto wa skuli hawajapita. Faida ni ndogo lakini ya kila siku. Nilipoanza kununua sukari ya nyumba nzima, maneno yakapungua. Sitawadanganya, hayajaisha.

Binti wa Mwanza
Mikopo ya kausha damu ikimbieni jamani! Jirani yangu wamembebea hadi friji. Bora mchezo wa mtaani, au kikoba cha watu mnaojuana.

Shangazi Mpole
Wadogo zangu, nyie mnaotoka mikono mitupu mnaniuma. Nami nilikuwa mama wa nyumbani, shemeji akaniuliza, "Nyumba kajenga kaka, wewe ulifyatua tofali gani?" Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali mliyochuma pamoja. Na tangu 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani nazo ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia kitu, mahakama iliona hela ya biashara aliyopewa na mumewe aliitapanya. Ila sisi wengine tumepita njia aliyoifungua yeye.) Msiende na hesabu ya nusu kwa nusu, mchango unapimwa. Nyumba sikupata. Nilipata kiwanja, nikamega kipande nikauza, palipobaki nimeinua chumba na sebule.

Matunzo ya mtoto ni jambo jingine, msiyachanganye na mali. Nilianzia ustawi wa jamii, wakamwita, akalipa kidogo halafu akazima simu. Nikaenda mahakamani, sasa anakatwa kwenye mshahara. Kama baba watoto ni wa deiwaka, amri utaipata, hela utaisubiri. Na mwenye mtoto wa chini ya miaka saba asitishwe: sheria inaanza na dhana kwamba mtoto huyo akae na mama, ingawa hakimu anaweza kuona vingine.

Kaka Mkubwa
Samahani dada zangu kwa kuingilia. Nimelelewa na mama peke yake. Njaa tuliizoea, kilichotuumiza ni kutumwa. "Kamwambie baba yako viatu vimetoboka." Unafika kule, mama wa kambo amekaa sebuleni, maneno hayatoki. Ujumbe wenu pelekeni wenyewe.

Mama Pacha
Kaka, hilo nimelichukua. Wangu likizo wanaenda kwa baba yao, wanarudi na viatu vipya na madai ya chipsi. Wiki nzima ugali na dagaa vinanuniwa. Nimeacha kushindana naye, maana mfuko wake siuwezi. Wananuna, lakini sahani zinarudi tupu.

Mgeni Humu
Dada zangu, mimi natoka mwezi huu. Nibebe nini?

Shangazi Mpole
Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kadi za kliniki, na kama kuna risiti za ujenzi zipige picha. Kisha pitia baraza la usuluhishi la kata wakupe hati yao kwamba usuluhishi umeshindikana, bila hiyo kesi ya talaka kwa kawaida haipokelewi. Sufuria waachie, utanunua.

Mgeni Humu
Asante shangazi. Kadi za kliniki ziko kwa mama mkwe. Kesho nazifuata, nitasema mtoto ana chanjo.