Amplifaya ya TDA2030 inavuma, inachemka na kukwaruza

Mpiga Gitaa wa Umoja
Habari zenu, mafundi. Nimeunda amplifaya ndogo ya gitaa kwa chipu ya TDA2030, nikitumia transfoma ya volti 12, daiodi nne na kapasita ya mikrofaradi 4700, na vifaa vyote nilivinunua Luthuli Avenue. Spika ni ya omu 8. Nikigusa nyuzi taratibu sauti inatoka safi, lakini nikifika ile sehemu ya benga ambapo gitaa huachiwa likimbie peke yake, nikalicharaza kwa nguvu, inakwaruza. Baada ya dakika kumi hivi bamba la alumini la kupoza chipu linachoma kidole, sauti inakatika yenyewe, kisha inarudi chipu ikishapoa. Kuna pia mvumo usiokoma. Nimepima mguu wa 5, unaoingiza umeme, nikapata volti 15.6, na mguu wa 4, unaopeleka sauti kwa spika, volti 12.9. Nakiri kwamba ile rezista ya omu 1 na kapasita yake ndogo kwenye mguu wa 4 niliziacha, kwa kuwa sikuona kazi yake. Je, niliuziwa chipu bandia?

Fundi wa Kariobangi
Chipu bandia zipo, nami zimeshanila pesa. Ikiwa maandishi yake yanafutika kwa kitambaa chenye spiriti, itoe ununue nyingine.

Mzee wa Mita
Kwa heshima, Fundi, chipu hiyo naiona nzima. Kukatika na kurudi ni kinga yake ya joto inayofanya kazi ipasavyo. Swali ni kwa nini inachemka, na jibu amelitoa muulizaji mwenyewe: rezista na kapasita alizoziacha ndizo zinazoizuia chipu isitetemeke kwa masafa ya juu ambayo sikio halisikii lakini bamba linayahisi. Rudisha omu 1 ikifuatana na nanofaradi 100 hadi grauni (upande hasi wa umeme wa saketi), karibu kabisa na miguu ya chipu.

Kukwaruza ni jambo jingine. Kwa umeme wa upande mmoja kama wako, yaani wenye volti chanya tu bila hasi, mguu wa 4 unapaswa kukaa katikati, yaani karibu volti 7.8, ili sauti ipate nafasi sawa ya kupanda na kushuka, kwenye 12.9 inagonga dari mapema, ndiyo maana ukipiga taratibu husikii kasoro. Angalia ile kapasita ndogo inayotoka kwenye mguu wa 2 kupitia rezista hadi grauni. Ikiwekwa kinyume huvuja, nayo chipu huanza kukuza hata volti tuli, yaani zile zisizobadilika ambazo si sauti. Mstari wa alama hasi (-) ulio ubavuni mwa kapasita uelekee grauni. Zima umeme na uache kapasita kubwa iishiwe chaji kabla hujashika kitu, na kama kasha ni la chuma, liunganishe na waya wa ardhi wa plagi.

Dada wa Studio
Kuhusu mvumo, unganisha kwa muda ncha mbili za soketi ya gitaa. Ukikoma, unaingia kutoka nje. Ukibaki, umo ndani. Kwenye picha uliyoweka naona waya mweusi wa soketi umelehemiwa kwenye mguu wa daiodi. Hapo unabeba mipigo ya kuchaji kapasita kubwa, mara 100 kila sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50, na mipigo hiyo inakuzwa pamoja na gitaa. Uhamishe, na grauni zote zikutane kwenye mguu hasi (-) wa kapasita kubwa.

Mpiga Gitaa wa Umoja
Kapasita ya mguu wa 2 ilikuwa kinyume kweli, tena mstari wake ulikuwa umefichwa na tone la lehemu. Nimeweka mpya na mguu wa 4 sasa unasoma 7.7. Ile rezista ya omu 1 na kapasita yake nimezirudisha pia, nikapiga nusu saa na bamba linashikika. Mvumo mkubwa umeondoka nilipohamisha waya. Umebaki mdogo unaosikika gitaa likichomekwa, nao hukoma nikishika nyuzi.

Dada wa Studio
Huo ni wa gitaa lenyewe. Fungua sehemu ya vidhibiti, uipake karatasi ya shaba ndani, uiunganishe na grauni. Amplifaya yako iache ilivyo, na usiidai zaidi ya wati mbili au tatu kwa volti hizo.