Naomba ushauri: kupasha mwili kabla ya dedilifti nzito

Wakuu, habari za jioni. Nipo Tanga, napiga tizi kwenye jimu moja ya mtaani huku Ngamiani. Shida yangu ni dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima. Chuma kitupu cha kilo 20, kisha 60, 100, 120, vyote vinapanda poa tu. Nikifika 150 kinaganda chini kama kimepigwa misumari, na kiuno kinaanza kuvuta kabla ya mapaja.

Jamaa mmoja anadai nakimbia mno kule Raskazone kabla ya kuja, nafika nimeshachoka. Mwingine anasema nirudie mara tano tano kwenye uzito mdogo, halafu moja moja nikipanda. Hili la pili naona lina mantiki, ila mnapumzika dakika ngapi kabla ya ule mzito?

Halafu umakini. Joto la huku mnalijua, viganja vinateleza hata ukipaka chaki. Nimeshainama, nimevuta pumzi, tumbo limekaza, mtu ananigusa bega: "Kaka, bado seti ngapi?" Basi, imeshaharibika. Na spika inalia singeli mwanzo mwisho (siichukii, ila si wakati huo).

Nyie mnafanyaje? Na mkanda wa kukaza kiuno nivae kuanzia kilo ngapi? Wa kuniuzia vidonge apite tu.