Uvungu, juu ya mlango na ukungu: pa kuweka vitu kwenye chumba na sebule, Arusha

Kutoka: Sekei

Habari zenu ndugu. Nyumba ni chumba na sebule, choo na jiko dogo ndani, ghorofa ya chini. Chumba ni futi 10 kwa 12, dari futi 9, kitanda tano kwa sita. Kabati la ukutani hakuna. Vinavyotafutiwa mahali ni masanduku matatu ya safari, mablanketi, vitabu, na mchele kilo 50. Mkataba ni wa miezi sita na mwenye nyumba hataki kuta zitobolewe ovyo. Naanzia wapi, na fundi nimwambie nini hasa?

Kutoka: Njiro

Dada wa Sekei, anza na uvungu. Watu hukimbilia kununua kabati wakati godoro limekalia stoo nzima.

Hesabu yake ni hii. Tano kwa sita ni kama mita za mraba 2.8. Uvungu ukiwa na sentimita 30 safi, umepata lita zaidi ya 800, yaani madebe arobaini. Hutayatumia yote kwa sababu ya miguu na hewa, lakini hata theluthi mbili ni zaidi ya kabati la milango miwili.

Kitanda kikiwa kifupi, kiinue, ila si kwa matofali. Tofali la mchanga na saruji humung'unyika pembeni kila kitanda kinapotikisika, na usiku mmoja mguu unateleza. Mwambie seremala akate vigogo vya mbao ngumu, nne kwa nne, urefu inchi 7, na juu ya kila kigogo achonge kishimo cha inchi moja kinachoumeza mguu wa kitanda. Hapo umeinua inchi 6 kamili na hakuna kinachosogea. Mguu wa kati nao uinuliwe kwa kipimo hichohicho. Huo ndio husahauliwa, na chaga huanza kukatika katikati baada ya wiki chache, kisha lawama anabebeshwa fundi wa kitanda.

Masanduku ya uvunguni yawe manne, mawili kila upande. Upana wa kitanda ni sm 152, basi kila sanduku liingie ndani sm 70. Katikati zinabaki sm 12 za mguu wa kati na hewa. Urefu wa kila moja sm 80, kimo sm 24: vigurudumu vinakula sm 4, na mbili za juu ni za kupita bila kukwaruza ubao wa kitanda. Kitako kiwe plaiwudi ya milimita 6 yenye matundu manne ya inchi moja.

Matundu hayo si mapambo. Ghorofa ya chini sakafu huvuta unyevu kutoka ardhini, hasa wakati wa masika, Machi hadi Mei. Tandika nailoni nene juu ya sakafu kabla ya kuingiza masanduku, na usiyasukume yakagusa ukuta.

Jambo la lugha kwa mliotoka pwani ya Kenya: ukimwambia fundi wa huku akutengenezee "rafu", atakutazama kama refa. Sema shelfu.

Kutoka: Moshono

Naongezea kuhusu ukuta na mbao.

Kwa shelfu nunua marini bodi, yaani plaiwudi inayostahimili maji, ya milimita 18. Chipubodi ni rahisi, lakini ikinywa maji mara moja inavimba kama mkate na skrubu hazishiki tena. Bodi moja ni futi 4 kwa 8, yaani sm 122 kwa 244. Mwambie anayekata: mikanda mitatu ya sm 40, kisha kila mkanda vipande vitatu vya sm 80. Unapata shelfu tisa, na sentimita chache zinazobaki ndizo msumeno unazokula. Asipopewa hesabu hii, atakukatia kwa futi, utoke na saba na vipande vya kuwashia moto.

Sentimita 80 ni kikomo cha vitabu. Ukizidisha, bodi inapinda katikati na hairudi. Hata hiyo ya 80, pigilia ubao wa inchi moja kwa mbili chini ya ukingo wa mbele, usimame wima, si ulale. Vitabu vizito vikae chini, mablanketi juu.

Kwa kuwa mwenye nyumba hataki matundu, jenga fremu inayosimama yenyewe, nguzo nne za mbao za mbili kwa mbili, shelfu zikikaa juu ya vibao vilivyopigwa skrubu kwenye nguzo. Uliza kama mbao zimetiwa dawa ya mchwa. Msonobari usio na dawa ni chakula. Halafu muombe mwenye nyumba ruhusa ya matundu mawili tu, ya kufungia fremu juu kwa vyuma vya L, na ruhusa hiyo iandikwe. Kitu chenye kimo cha mtu na kina cha sm 40 kinaangushwa na mtoto anayepanda shelfu ya chini kufuata biskuti. Na ukanda huu una matetemeko: lile la Julai 2007, kabla mlima wa volkano wa Ol Doinyo Lengai haujalipuka, lilisikika hadi Nairobi.

Matundu yenyewe: biti ya milimita 8, kina sm 7, fisha (kile kiplastiki cha tunduni kinachoshika skrubu) ya 8, skrubu ya milimita 5 kwa 60. Sentimita moja na nusu ya mwanzo ni plasta, haishiki kitu, ndiyo maana fisha fupi huchomoka na kipande cha ukuta. Puliza vumbi lote litoke. Ukiona unga wa mchanga unamwagika bila kukoma na fisha inazunguka, tofali lilipigwa kwa saruji kidogo. Usilazimishe skrubu nene. Hama sm 10, au jaza tundu kwa uji mzito wa saruji, chomeka fisha humo, na usiiguse kwa siku mbili. Kamwe usitoboe moja kwa moja juu au chini ya swichi na soketi. Waya ndimo zinamopita.

Sasa juu ya mlango. Mlango ni futi 7, dari futi 9, kwa hiyo ukuta mzima una futi mbili zisizotumika. Dari ya jipsamu haibebi kitu, usiningʼinize chochote hapo. Mzigo ubebwe na nguzo mbili zinazoanzia sakafuni, pande zote mbili za mlango. Hapo ndipo pa masanduku ya safari, dogo ndani ya la kati, la kati ndani ya kubwa.

Na jambo ambalo wageni wa Arusha hulijua wakiwa wamechelewa: acha inchi mbili kati ya kila kitu na ukuta, na fremu isiwe na mgongo. Juni hadi Agosti ukuta wa nje unakuwa baridi. Mvuke wa kupikia na wa nguo zilizoanikwa ndani unaugusa na kugeuka maji. Nyuma ya kabati lililobanwa hakuna hewa ya kuyakausha, na ukungu mweusi unaota. Unauona siku unayohama, na koti nalo limeota ukungu. Kama una hiari, tumia ukuta unaotenganisha vyumba.

Kutoka: Moshi, Majengo

Huku kwetu kuna joto kuliko kwenu, na joto huharakisha wadudu, kwa hiyo kwa upande wa chakula nisikilizeni mimi.

Gunia la mchele lisikae uvunguni. Tafuta ndoo za lita 20 zenye mifuniko, zile zilizokuwa na mafuta ya kula. Zinapatikana sokoni, hata Kilombero kwenu. Za rangi usiguse, hata ziwe nyeupe namna gani. Osha kwa maji ya moto na sabuni, anika siku nzima. Ndoo moja inameza karibu kilo 16 za mchele, kwa hiyo tatu zinamaliza 48, na kilo mbili zilizobaki ni za wiki hii. Jaza hadi ukingoni. Hewa ikiwa ndogo, mdudu anapata shida. Ndoo hupandana mbili kwenda juu, kwa hiyo zote tatu hazizidi eneo la stuli mbili.

Mahindi na maharage yana kisa kingine, kwa sababu mayai ya wadudu huja nayo kutoka shambani. Kuna mifuko ya tabaka tatu, miwili ya plastiki ndani na kiroba nje. Kila mfuko wa ndani unafungwa peke yake, kwa kusokota shingo, kuikunja na kuikaza kamba. Wadudu wanamaliza hewa iliyomo, wanakufa bila dawa. Ukifungua kila siku kuchota, umewarudishia hewa. Toa ya mwezi kwa mara moja. Na mfuko ukitobolewa na panya haufai tena.

Nafaka iwe kavu kwanza. Chukua chupa kavu ya kioo, weka nafaka theluthi moja na vijiko vitatu vya chumvi kavu. Tikisa dakika moja, acha kama robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka bado ina maji, rudisha juani.

Kwa wa kutoka Nairobi: sado ya huku ni kopo la lita 4, si gorogoro, kopo la kupimia la kwenu. Linganisheni kopo kwanza ndipo mlinganishe bei.

Mtungi wa gesi usifichwe kwenye kabati lililofungwa. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini. Mtungi usimame wima, na kama lazima uwe kabatini, mlango ukatwe chini kabisa, tundu la upana wa kiganja.

Kutoka: Sekei

Asanteni sana. Mablanketi je? Nimeona mifuko ya kufyonza hewa.

Kutoka: Njiro

Inafaa kwa blanketi la nailoni au poliesta, linapungua zaidi ya nusu. Duveti la manyoya likibanwa miezi sita halirudi kujaa. Yote yaanikwe juani kutwa nzima kabla ya kufungwa; mwishoni mwa Septemba jua linatosha na vuli haijaingia. Ukifungia unyevu humo, utafungua uvundo. Makatoni usiweke kabisa, mende hula gundi yake na kutagia kwenye mikunjo. Na madumu ya maji yakae sakafuni, lita 20 ni kilo 20.

Kutoka: Moshono

Dada, kabla hujalipa: ukibadili mawazo ukataka kabati refu hadi darini, lisijengwe zima karakana. Dari yako ni sm 274. Kabati la kimo cha sm 270 na kina cha sm 60 linaingia mlangoni likiwa limelala, ila halisimami, kwa sababu pembe hadi pembe ni kama sm 277. Watu wameishia kulikata miguu sebuleni. Mwambie fundi alete vipande viwili, cha chini sm 200 na cha juu sm 65, viungwe kwa bolti nne humo ndani.